Dresa Asiyeikimbia Mvua

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona Dresa akiikimbia mvua. Na mvua yetu ya upande wa Kenyenya si ya kuchezea. Mchana ukishapinda, kilima cha mbele kinafunikwa, na kabla hujaanua nguo watu wote wako mbioni, huyu na jani la mgomba kichwani, yule na sufuria, mchungaji mwenyewe na Biblia ndani ya koti. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye heshima zangu, lakini mara ngapi nilivua viatu nikatimua mbio mpaka veranda ya duka! Dresa alitembea. Alikuja katikati ya barabara kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia, akatusalimu sisi tuliojibanza verandani mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda zake. Wageni walisema ana kiburi. Sisi wenyeji tulinyamaza, maana tulijua sababu, na sababu yenyewe ilitutia haya.

Tena huyo ndiye aliyekuwa mkimbiaji kuliko wote tuliowajua.

Tulimwita Dresa kwa sababu ya kazi iliyomleta: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kugawa dawa ya malaria na kuzalisha wanawake katika zahanati ndogo ya kanisa iliyopakana na shule yetu. Daktari alikuja mara mojamoja kutoka hospitali kubwa, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote daktari alikuwa yeye. Jina lake tulilijua, lakini hata mke wake alimwita Dresa. Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wenyewe. Mimi namjua kuanzia lango la zahanati kuingia ndani, na humo ndani ndimo alimokimbia.

Uwanja wenyewe haukuwa mkubwa. Kulikuwa na nyumba ya dawa, wodi ya vitanda vichache, jiko, choo huko chini kwenye mteremko, nyumba yake, na kuzunguka vyote hivyo ua wa seng'enge ulioshikana na miti ya miiba. Wagonjwa wa asubuhi wakiisha, mchana kweupe, Dresa alivaa kaptura na kuanza. Alipita nyuma ya wodi, akashuka hadi chooni, akapanda kando ya migomba, akapita mbele ya benchi la wagonjwa, akarudi nyuma ya wodi. Miguu yake ilichimba njia kwenye nyasi, njia ikawa mfereji, na mvua ikinyesha mfereji ulipeleka maji moja kwa moja jikoni kwa mke wake.

"Hii mbio yako itanizamisha," mke alisema.

Dresa akachimba mfereji mwingine wa kuyatoa maji ya ule wa kwanza, akaendelea. Siku moja alizunguka kwa kufuata saa, siku ya pili kinyume chake, ili mguu mmoja, alivyosema, usimwonee mwenzake.

Alikuwa akijiandaa kwa marathoni. Neno lenyewe tulilipata kwake. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, vijana wa Kisii wameanza kurudi kutoka ng'ambo na medali, redio inawasifu, na kila mvulana mwenye miguu mirefu anaambiwa na wajomba zake kwamba atapanda ndege. Dresa hakuwa kijana na miguu yake ilikuwa ya kawaida tu. Hata medali hakuitaka. Alitaka jambo moja, na alilisema waziwazi kwa kila aliyemwuliza: kukimbia marathoni nzima, mara moja, barabarani, kabla mwili haujamkatalia. Njia alishaichagua. Mashindano ya wilaya yalianzia mjini Kisii, yakaenda Mosocho na mbele zaidi, yakageuka na kurudi mjini kwa njia ileile. Aliichora kwa kijiti mbele ya benchi la wagonjwa, kona kwa kona, mpaka kuku wakaja wakaifuta.

Elimu yake ya mbio aliipata hospitali kubwa alikofunzwa kazi. Kulikuwa na daktari mzungu aliyekimbia kila alfajiri, na kila baada ya mwendo alisimama, akaweka vidole viwili shingoni, akatazama saa. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba mwenye kukimbia mbali haiulizi miguu, anauuliza moyo. Moyo ukienda mbio kupita kiasi, punguza. Ukitulia, ongeza kidogo. Wanaoanguka njiani ni wale wanaosikiliza miguu tu, kwa kuwa miguu asubuhi ina majivuno. Dresa akaichukua elimu hiyo na kuitia katika lugha ya kazi yake. Namba hakuzitaja kabisa. Alikimbia kwa wagonjwa.

Kulikuwa na moyo wa mzee aliyelala, ambao ulikuwa wa asubuhi, aliopima kabla hajaweka mguu chini. Ukiwa juu kuliko kawaida, siku hiyo hakukimbia, hata jua liwake namna gani. Kulikuwa na moyo wa mafua, na huo ndio wa siku nyingi, mwendo wa pole kabisa, mpaka tukamcheka kwamba kuku mwenye vifaranga anampita. Kulikuwa na moyo wa malaria ya mtoto mdogo, ule wa kuogopesha, ambao aliufikia siku moja tu katika wiki na hakukaa nao muda mrefu. Na katikati, juu ya mafua na chini ya malaria, kulikuwa na moyo wa mtoto aliye tumboni, ule aliousikia alipoweka pembe yake ya mbao kwenye tumbo la mama mjamzito. Huo, alisema, ndio moyo wa marathoni. Unakwenda mbio lakini hauna hofu, kwa sababu mwenyewe hajui bado kama kuna kitu cha kuogopa. Hata mimi alinifundisha kuitofautisha mioyo hiyo, kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono.

"Leo umekimbia nini, Dresa?" nilimwuliza kwenye seng'enge, chaki bado mkononi.

"Mafua."

"Na kesho?"

"Mafua tena. Keshokutwa tutajaribu mtoto."

Mzee mmoja aliyekuwa benchini aliyasikia hayo akainuka na bakora yake. "Kama dresa mwenyewe ako na mafua kila siku," alisema, "mimi nafuata nini hapa?" Akaenda nyumbani, na ikabidi mke wa Dresa amfuate na dawa.

Alisema kwa Kiswahili, huyo mzee, kwa sababu Dresa ndani ya zahanati hakukubali lugha nyingine. Ekegusii, alisema, ni lugha ya nyumbani, mgonjwa akiisikia anaanza kuwalalamikia hata shemeji zake. Basi mabibi ambao maisha yao yote hawakuvuka mto walijikaza: kichwa inauma, tumbo inazunguka, mtoto anakataa ziwa. Yeye mwenyewe alipojigonga kidole kwa nyundo tulimsikia mpaka darasani, na haikuwa kwa Kiswahili.

Hakulingana na maneno yake, Dresa. Aliwakemea wanaume kwa kuwabebesha wake zao mizigo, na maji ya zahanati yaliletwa kutoka mtoni na mke wake, kichwani. Alikuwa mtu wa Sabato wa kweli, asiyepika wala kuwasha moto siku hiyo, lakini ibada ikirefuka nilimwona kwenye benchi lake vidole viko shingoni, akijipima. Alijisifu hana makuu, na kila Ijumaa alikuja kuniomba vipande vya chaki vya kupaka raba zake ziwe nyeupe, raba ambazo hakuna mtu ila wagonjwa na kuku aliyeziona.

"Miguu ni vibarua, moyo ndiye mwenye shamba," alipenda kusema. "Kibarua akichoka atalala, kesho atarudi. Mwenye shamba akifa, kazi imekwisha." Na alisema pia, "Mgonjwa anaweza kukudanganya, moyo wake hauwezi." Hii ya pili aliitumia vibaya nyumbani. Kila wakibishana alimshika mke wake mkono na kutazama saa, mpaka siku moja mke akamwambia akimgusa tena ataujua moyo wa mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

Kucheka tulicheka, lakini mwenye macho aliona kilichokuwa kikitendeka. Mwaka ulipopita, kisha mwingine, kuku hakuweza tena kumpita. Wanafunzi wangu walikuwa wakimwangalia dirishani, anapotea nyuma ya wodi na hapohapo ameshatokeza kwenye migomba. Nilimsimamisha siku moja nikampa hongera, nikasema sasa ameongeza bidii. Alitikisa kichwa.

"Bidii ni ileile, Mwalimu. Moyo ni uleule wa mafua." Alifuta jasho, na usoni sikuona furaha. "Ila mafua ya sasa yana mbio kuliko malaria ya zamani. Nikianza tu, nimefika kwenye kona. Kila mwezi ua huu unakuwa mdogo."

Ua. Sasa lazima niseme kuhusu ua, na siwezi kusema kuhusu ua bila kumsema mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema.

Kwetu, mtu anayekimbia kabla jua halijatoka ana jina moja tu, omorogi. Mchawi ndiye anayekimbia gizani, anapita kwenye migomba ya watu, anagonga milango na kutoweka. Mtu mwema saa hiyo yuko kitandani, au yuko kwa ng'ombe wake. Daktari mzungu akikimbia alfajiri ni mazoezi, na watu wanampungia mkono. Dresa hakuifikiria tofauti hiyo, au alidhani elimu imeshaifuta. Wiki yake ya kwanza kwetu, kabla hata hajawajua majirani, alikimbia alfajiri kwenye njia iliyopita nyuma ya nyumba yetu.

Nilikuwa bi harusi wa miezi michache. Ukungu ulikuwa mzito, na mama mkwe alitoka kwenda kukamua. Akaona katika migomba yake mtu amesimama, mkono mmoja shingoni, midomo inachezacheza, anatazama kitu kinachong'aa kiganjani. Akapiga ukemi. Kufumba na kufumbua majirani walishajaa na marungu na panga, nami nyuma yao na mwiko, sijui nilitaka kufanya nini nao. Dresa hakukimbia, na hilo ndilo lililomponya.

"Unafanya nini kwenye migomba yangu?" mama mkwe aliuliza.

"Nahesabu moyo, Mama."

"Moyo wa nani?"

Akasema ni wake mwenyewe, lakini nani angeamini? Mtu ana moyo wake kifuani, anautafutia nini kwenye migomba ya watu? Wiki hiyohiyo ndama wa mama mkwe alikufa. Lisemwalo lipo, watu walisema, na hawakusubiri ushahidi mwingine.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, mbele ya naibu wa chifu. Wazee wa kijiji walisema jambo ni rahisi: ale emuma, kiapo chetu cha jadi, ambacho mwongo akikila hamalizi mwaka. Akila na kubaki mzima, akimbie hata mpaka Kisumu, hakuna atakayemwuliza. Mzee wa kanisa akasimama akasema mtu wa Sabato hali kiapo cha kienyeji. Akila, ametoka kanisani, na zahanati ni ya kanisa. Wakabishana juu ya kichwa chake mpaka jua likapinda. Dresa alisimama katikati yao peke yake. Niliona mkono wake ukipanda shingoni wenyewe, akaukumbuka, akaushusha haraka, lakini watu walishaona na wakanong'onezana.

"Kiapo sitakula," alisema mwishowe. "Neno langu nitawapa. Sitakimbia nje ya ua wa zahanati, usiku wala mchana, hapa wala kwingine, mpaka mama huyu mwenyewe aseme kwamba alikosea."

Watu wakashusha pumzi. Wazee walipata kitu, kanisa lilipata kitu, naibu wa chifu akaenda kunywa chai. Yeye alidhani ni jambo la wiki mbili, hasira ya ndama ipoe. Hakumjua mama mkwe.

"Macho yangu hayajawahi kukosea," mama mkwe alisema njiani tukirudi nyumbani. "Basi ataishi humo kama ndama kwenye zizi."

Miaka ikapita. Mama mkwe alikuwa mwanamke aliyelima kuliko wanaume, aliyezika watoto na mume na bado akaamka mapema, na kurudi nyuma hakukujua. Nilimsihi, kwa adabu ya mke wa mwana, nikipitia kwa mume wangu, nikipitia kwa mchungaji. "Mokamwana," alinijibu, "maji yakimwagika hayazoleki. Nikisema leo kwamba sikuona nilichokiona, kesho nikilia mwizi nani atatoka?" Na hapo hakukosea. Mjane anayelinda ng'ombe wake peke yake hana silaha ila ukemi wake.

Nilimwonea Dresa uchungu, na uchungu wangu ukawa ushauri. Nilimwambia apande basi aende Kisii, ashuke, akimbie mpaka Mosocho na kurudi, nani anayemjua huko?

"Mimi nipo huko," alisema.

"Ni maneno tu, Dresa."

"Ndiyo, ni maneno tu. Mwenzangu aliyekula emuma ana kiapo cha kumshikilia. Mimi nilikataa kiapo. Neno langu likianguka, watasema ndiyo maana hakuapa."

"Basi uhame. Kanisa lina zahanati nyingine huko Nyamira."

"Mtu aliyeitwa mchawi akihama, amekiri."

Kila mlango niliomfungulia alishaujaribu zamani na kuukuta umefungwa. Hata kama ua usingekuwepo, mashindano ya wilaya kila mwaka yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi yeye alikuwa kanisani. Aliniambia hayo yote kwa sauti ya kawaida, kisha akaanza kuzunguka, na mimi nikabaki nimeshika seng'enge kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anatembea kwenye mvua. Kukimbia mvua nako ni kukimbia. Alikuwa ameahidi.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama mkwe alipougua kifua. Alipelekwa zahanati kwenye machela, akikataa njia nzima, akalazwa kitanda cha dirishani. Dresa alimchoma sindano asubuhi na jioni, akamshika mkono na kumpima, naye mama mkwe akageuzia uso ukutani kila mara. Lakini huwezi kutazama ukuta siku nzima. Homa ilipopungua akaanza kutazama dirishani, na kila mara dirishani alipita mtu mmoja.

"Mokamwana, mtu huyu anakwenda wapi?"

"Haendi popote, Mama. Anazunguka."

"Mwambie aache. Ananizungusha kichwa."

Sikumwambia. Siku ya pili akauliza kama Dresa hula kitu kabla ya kuanza. Siku ya tatu aliniambia leo amechelewa, nenda katazame. Mpaka siku moja ya malaria, ile siku moja ya wiki, Dresa akapita dirishani mdomo wazi, kaptura imelowa, akasimama hapohapo mbele yake na kuinama, mikono magotini, akihema. Mama mkwe alimwangalia muda mrefu.

"Amechoka," alisema.

"Huchoka kila wiki, Mama."

"Mchawi hachoki," mama mkwe alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. "Tangu nizaliwe sijasikia mchawi amechoka."

Akaagiza waitwe. Walikuja wazee wa kijiji waliobaki hai, akaja mzee wa kanisa na naibu wa chifu, wakajaa wodini wakinuka moshi na tumbaku. Dresa alikuwa amemshika mkono, anampima, na mama mkwe safari hii hakugeukia ukuta. Alisema kwa Ekegusii, na Dresa hakumkataza. "Asubuhi ile nilimwona mtu. Nikasema nimemwona mchawi. Alikuwa mtu, na nadhani alikuwa amechoka. Njia ni yake." Nililia, na sioni haya kusema. Dresa hakuinua kichwa, aliendelea kutazama saa mpaka dakika ikatimia.

Na kama vile mbingu zilikuwa zikisikiliza, mwaka huo mashindano yalisogezwa kwenye sikukuu iliyoangukia Jumatatu. Redio ilitangaza. Kijiji kilichomfungia kilitaka sasa kumtoa kwa ngoma. Mwenye lori la kubebea ndizi alijitolea kumpeleka mjini. Wanawake waliojifungulia mikononi mwake walileta mayai na maziwa. Ilibaki wiki moja, na asubuhi ya kwanza, jua limeshatoka ili kila mtu aone, Dresa alikuja langoni na raba zake nyeupe ili akimbie kidogo barabarani na kuizoea. Tulijipanga pande mbili. Mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi.

Lango likafunguliwa. Dresa akasimama penye mstari ambapo nyasi za zahanati zinaishia na barabara ya murram inaanza. Akaweka vidole viwili shingoni, kama ilivyo desturi yake kabla ya kuanza, akatazama saa. Alitazama muda mrefu. Watu wakaanza kukohoa.

"Nini, Dresa?" nilimwuliza.

"Malaria," alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Nimesimama tu, Mwalimu, na ni malaria."

Akarudi kwenye benchi, akakaa, akapumua, akajaribu tena. Ikawa malaria. Kesho yake alijaribu mapema, kabla watu hawajajaa, na keshokutwa yake akajaribu mchana. Ndani ya ua moyo ulikuwa wa mzee aliyelala. Akifika langoni unapanda kabla hajainua mguu. Siku ya lori alivaa, akaenda mpaka langoni, akapima, akamwambia mwenye lori amsamehe.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu asiye wa nyumbani kwangu. Nilimwambia mama wa watu amekunywa aibu yake mbele ya kijiji kwa ajili yake, na yeye anaogopa barabara. Nilimwambia aache saa, aache shingo, akimbie tu kama watu wanavyokimbia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mgonjwa mwenye mapigo haya," alisema, "amelala tu na moyo unakwenda hivi, wewe ungemruhusu aende nyumbani?"

"Wewe si mgonjwa!"

"Mgonjwa anaweza kukudanganya," alisema, na hakumalizia.

Mchana ule ule, wagonjwa walipoisha, nilimwona kutoka darasani. Nyuma ya wodi, chooni, migomba, benchi. Alikuwa na mwendo mzuri mno.

Mama mkwe alifariki baada ya mwaka, akiwa na amani na kila mtu. Mimi nilihamishiwa shule ya upande wa Itumbe, kwenye chai, na habari za zahanati nilizipata kwa mbali: Dresa amestaafu, seng'enge imeondolewa, wamejenga wodi kubwa, ule mfereji wake umefukiwa. Mwisho wa miaka ya sabini ndipo nilipomwona tena. Nilikuwa natoka kituo cha kununulia chai, na mbele yangu barabarani kulikuwa na mzee mwenye kofia, anatembea kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huko.

Tulishikana mikono, tukaulizana watoto. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kuliko zile raba. Kisha kilima kikafunikwa, na tone la kwanza likanipiga puani. Wachuma chai walitupita mbio pande zote, vikapu vikiwadunda mgongoni, wakicheka na kusukumana kuelekea kwenye paa la kituo.

"Tukimbie, Dresa!" nilisema. "Aliyekufunga ameshakufungua, tena ameshazikwa. Ua wenyewe haupo!"

Alitabasamu, akanionyesha kwa mkono nitangulie. Hatua zake hazikubadilika. Nilianza kukimbia, nikageuka, nikamwona peke yake katikati ya barabara, na mvua imeshamfunika. Nikarudi. Nilivua viatu, nikamshika mkono, tukatembea. Tulilowa mpaka mifupa.

"Umesahau nilichokufundisha?" aliniuliza baadaye kidogo. "Pima."

Niliteremsha vidole viwili mpaka kwenye kifundo cha mkono wake. Saa sikuwa nayo, wala sikuihitaji. Tulikuwa tunakwenda polepole, watu wawili kwenye matope, na chini ya vidole vyangu moyo wa Dresa ulikuwa unakimbia. Ulikuwa unakimbia sawasawa, bila kupapatika, bila hofu hata kidogo, mwendo wa mtoto aliye tumboni.

"Uko wapi sasa?" nilimwuliza.

"Mosocho nimeshapita, Mwalimu," alisema. "Narudi."